Maswali yenu: rangi ya pikapu na malori ya zamani ikipauka

Maswali ya rangi yamekuwa mengi sana jamani, nimechagua yale yanayojirudia nayajibu hapa moja moja. Kama lako halimo soma yote tu maana mengi yanagusana.

Shikamoo fundi. Nina pikapu nyekundu ya 1986, boneti na paa vimekuwa pinki, nikipitisha mkono unatoka na vumbi jekundu kama chaki. Hii inaokoleka au ndo nijiandae kupiga rangi upya?

Marahaba. Hilo vumbi jekundu mkononi ndo habari njema yenyewe, maana yake gari lako halina kilia juu, yaani lile tabaka la juu linaloonekana kama kioo halipo, unachogusa ni rangi yenyewe. Rangi ni vitu viwili vilivyochanganywa, kuna chembe zinazotoa rangi na kuna gundi inayozishika pamoja, sa jua linakula ile gundi kuanzia juu, chembe zinabaki hazina wa kuzishika ndo hiyo chaki unayoiona. Chini yake rangi bado ipo na mara nyingi ni nyekundu ileile ya siku ya kwanza, fungua mlango uangalie ile sehemu ya ndani ambayo jua halifiki utaona nnachosema. Na usijilaumu, nyekundu ndo inapauka haraka kuliko nyingi maana inanyonya mwanga wa bluu na kijani ambao una nguvu zaidi.

Usikimbilie rabingi kali, ile polishi ya kukwangua. Osha gari kwa ndoo mbili, moja ya sabuni moja ya kusuuzia kitambaa, afu pitisha klei, ule udongo laini wa kunasa uchafu uliogandia, pamoja na majimaji ya kuteleza mpaka mkono ukipita usikwaruze. Halafu hapa ndo watu wengi wanaruka: tafuta glezi, yaani krimu ya kung'arisha rangi, yenye mafuta mengi isiyo na chenga za kukwangua, ipake nene boneti zima, uiache ilale usiku kucha. Rangi hizi za zamani zimekauka kama ngozi isiyopakwa mafuta, zikinywa glezi zinarudi rangi kabla hata hujaanza kukwangua, mimi nimeona boneti la pinki linaamka asubuhi limekuwa jekundu nusu nzima na bado hakuna kilichotolewa. Kesho yake futa, rudia kama bado inanywa, ndipo uingie na polishi laini, kidogokidogo. Kitambaa kitakuwa chekundu kama umechinja, usiogope ni ile rangi iliyokufa inatoka. Ila uangalie kwa makini, ukianza kuona kivuli cha kijivu au kahawia kwenye kona ujue umefika kwenye prima, ile rangi ya chini inayopakwa kwanza, acha hapohapo kabisa, hapo hakuna polishi itakayorudisha. Ukimaliza, paka waksi siku hiyohiyo.

Yangu silva ya 2004, paa lina mabaka meupe yanabambuka kama ngozi iliyoungua jua. Nimepolishi mara tatu hakuna kitu.

Acha kupolishi mkuu, unamaliza nguvu zako bure. Hiyo ni kilia imekufa, imeachana na rangi ya chini na inatoka vipande, na polishi kazi yake ni kulainisha kitu kilichopo sio kurudisha kilichoondoka. Nasikia uchungu kila nikiandika jibu hili maana najua mtu kashatoa jasho lake.

Njia ya kweli ni moja, lile paa lipigwe msasa mpaka kingo zote za kilia zilale, iende prima, rangi, afu kilia mpya. Kupuliza kilia ya kopo juu ya mabaka yaliyopo inapendeza siku chache afu inaanza kubambuka palepale ilipoishia mwanzo kwasababu chini hakuna inachoshika. Na naomba hili ulisikie vizuri, kilia nzuri ni ile ya kuchanganya na hadina, yaani dawa ya kuigandisha, na ile hadina ina isosayaneti, hiyo kitu inaharibu mapafu na mtu anaweza kupata pumu ya maisha. Barakoa ya kitambaa haisaidii chochote. Kama huna kifaa cha kupumulia chenye hewa yake safi mpelekee fundi rangi akupigie paa peke yake, sehemu nyingine zilizopauka tu bila kubambuka ubaki nazo wewe nyumbani.

Nitajuaje kama langu lina kilia au halina?

Kitambaa cheupe, polishi kidogo, sehemu iliyojificha, sugua. Kitambaa kikichukua rangi ya gari hamna kilia, kikibaki cheupe au cha kijivu cha uchafu basi kilia ipo. Angalia tu kama gari lilishapigwa rangi zamani, milango inaweza kuwa na kilia na boneti isiwe nayo, hivo jaribu kila paneli.

Nina grinda ya kukatia chuma, naweza kuifunga sponji nikapolishi? Au ni lazima mashine maalum?

Hapana kaka, hapana. Grinda ndogo ya kawaida inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, wakati mashine ya kupolishi ya mzunguko inafanya kazi kati ya 600 na 3,000 hivi. Kwa spidi hiyo rangi inaungua kabla hujajua umeigusa. Kilia ya kiwandani nyingi ni maikroni 35 mpaka 50, unywele wako mmoja ni mnene kuliko hiyo, sa fikiria unaenda na grinda.

Kama ni mara ya kwanza tafuta mashine ile inayozunguka huku inacheza pembeni, yaani sponji halikai sehemu moja likatengeneza joto, ukikosea inakusamehe. Ile ya mzunguko tupu ni ya mtu aliyezoea. Fanya kazi kivulini bodi likiwa la baridi, chukua eneo kama sentimita 50 kwa 50, pitisha taratibu mara nne mpaka sita, mara wima mara mlalo, futa, angalia. Na kabla hujagusa gari lote fanya kijipande kimoja tu mpaka kikuridhishe, anza na polishi laini na sponji laini, ukiona haitoshi ndo unapanda kwenye kali, watu wanaanza na kali kabisa ndo wanajikuta wameondoa zaidi ya walichohitaji na rangi ikishatoka imetoka. Kingo za boneti, mikunjo ya mlango, pembe za matao ya tairi, zote bandika masking tepu maana hapo rangi ni nyembamba kuliko kwingine. Plastiki nyeusi nazo zibandike, polishi ikiingia kwenye vile vishimo vyake inakauka nyeupe na kuitoa ni kazi ya mswaki siku nzima. Safisha sponji kila ukimaliza eneo, likijaa uchafu unakwaruza tu.

Dizeli na dawa ya meno vipi? Nimeona watu wanafuta gari inang'aa hatari.

Dizeli inang'aa kwasababu gari limelowa mafuta, basi. Vumbi lote la barabarani linakaa hapo, mpira wa milango unavimba na kuharibika, na baada ya siku chache unarudi ulipokuwa. Dawa ya meno ina chenga laini kweli, kwenye kidoa kidogo au taa iliyopauka inaweza kusaidia kidogo, boneti zima usijisumbue.

Kaka habari. Marehemu baba aliacha lori lake, rangi ya bluu imepauka sana lakini milangoni kuna jina lake na la biashara aliloliandikisha kwa mkono kwa brashi. Nataka lori ling'ae ila maandishi yasipotee. Inawezekana?

Dada yangu pole sana, na asante kwa kuuliza kabla hujaanza, hilo tu limeokoa maandishi. Inawezekana.

Kabla ya yote piga picha milango yote miwili kwa karibu, na weka rula pembeni ionekane, endapo kitu kitatokea mwandishi mwingine ataweza kurudia herufi kwa kipimo chake. Sasa, maandishi ya brashi yamekaa juu ya rangi na mara nyingi hayana kilia ya kuyalinda, hivo ni tabaka jembamba mno. Mashine isipite hapo hata mara moja, wala klei, wala polishi yenye chenga. Hapo ni mkono, kitambaa laini cha maikrofaiba, maji na shampuu ya gari, unapapasa tu bila kusugua, na uanze na herufi ya pembeni kabisa, rangi ikitoka kwenye kitambaa simama. Ikikubali paka ile glezi ya mafuta niliyoitaja kwenye swali la kwanza, iache ilale, ifute taratibu. Itaamsha bluu ya nyuma na rangi ya herufi pamoja.

Kwenye sehemu iliyobaki ya mlango bandika tepu kuzunguka maandishi ukiacha nafasi ya vidole viwili, polishi nje ya hapo, na ukikaribia tepu punguza nguvu ili pasionekane mstari kati ya palipong'arishwa na palipoachwa. Patabaki tofauti kidogo, na mimi naona ni sawa kabisa ibaki. Kitu kimoja usishangae, kama kuna herufi zilishabanduka utaona umbo lake bado lipo kwa bluu iliyokolea, ni kwasababu herufi ilizuia jua miaka yote hiyo. Hicho kivuli usikifute, kitafaa sana siku ukitaka herufi irudishwe.

Msasa wa maji namba ngapi kwa rangi iliyopauka?

Kwa kupauka tu huhitaji msasa. Kama kuna mikwaruzo ya kina na kilia ni nzima, 2000 afu 3000, kwa maji mengi, sehemu ndogo. Rangi ya miaka mingi nyuma inaweza kuwa na risasi ndani yake hivo usikwangue kikavu, vaa barakoa ya vumbi, watoto wawe mbali, na yale matope yafute yasikauke uwanjani.

Nikishamaliza itakaa muda gani?

Waksi ya kawaida miezi miwili mitatu, silanti, ile kinga ya kutengenezwa kiwandani, inaweza kufika sita, seramiki, ile kinga ya majimaji inayogandia juu ya rangi, inaenda mwaka na zaidi ila ipake tu ukishairidhia rangi maana inafungia chochote kilicho chini yake, hata mikwaruzo. Gari lisilo na kilia linalolala juani usilitegemee kufika hata hiyo miezi mitatu, mwagia maji boneti kila ukiosha, yakitengeneza matone ya duara waksi bado ipo, yakilala bapa paka tena wiki hiyohiyo.