Ukimhoji mwalimu wa Biblia kwenye podikasti, muulize amejuaje

Mkuu umeuliza namna ya kumhoji mwalimu wa chuo cha biblia kwenye podikasti bila wasikilizaji kukimbia au kukuita mpinga Kristo. Nakujibu kwa ninavyofanya mimi hapa Dodoma.

Wageni hawakosekani. Chuo cha theolojia cha Msalato wapo, Chuo Kikuu cha St. John's wapo, na wapo wachungaji waliosoma sana wakarudi zao Kongwa na Mpwapwa kimya kimya. Kazi ipo kwenye maswali. Msomi ukimwachia maikrofoni atakupa hitimisho la miaka yake yote ya kusoma kwa sentensi moja, na hiyo sentensi ndiyo itakayokuletea matusi.

Chukua Marko 16. Mgeni akisema tu kwamba mstari wa 9 hadi wa 20 haumo katika nakala za kale, umekwisha. Hapo ndipo penye kunena kwa lugha mpya, kushika nyoka na kuwawekea wagonjwa mikono, na wasikilizaji wako wengi wameombewa kwa mistari hiyo hiyo. Muulize: "Mwalimu, umejuaje?" Atabadilika, ataanza kusimulia. Atakwambia vitabu vilinakiliwa kwa mkono karne nyingi kabla ya mashine za kuchapa. Kwamba nakala mbili za Kigiriki za karne ya 4, ya Sinai na ya Vatikani, zinaishia mstari wa 8, wanawake wakikimbia kaburini kwa hofu. Kisha mbane atoe na upande wa pili: Irenaeo, askofu wa karne ya 2, anaunukuu mstari wa 19, kwa hiyo sehemu hiyo si ya juzi. Hapo msikilizaji ana vielelezo vyote, anapima mwenyewe.

Baada ya kipindi hicho mama mmoja wa Chang'ombe alinitumia sauti WhatsApp. Hakugomba. Aliuliza, "Kwa hiyo mchungaji wetu hili analijua?" Tangu hapo kila mgeni namuuliza: wewe mwenyewe Jumapili unahubirije? Yule wa Marko alijibu kwamba anaisoma mistari hiyo kanisani, ila hajengi fundisho juu yake peke yake. Jibu hilo lilisambazwa kuliko kipindi kizima.

Jambo jingine, usidhani elimu iko upande mmoja wa meza. Tulipofanya kitabu cha Ruthu nilimkaribisha na mzee mmoja wa Mvumi. Kitabu kinaanza na njaa, Naomi na familia yake wanahama Bethlehemu kwenda Moabu, na huku Ugogo huhitaji kumweleza mtu kuhemea, yaani kwenda mbali kutafuta chakula, ni nini. Wazee wanasimulia hadi leo Mtunya, ile njaa ya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwalimu alieleza vizuri sheria ya Walawi 19, kwamba mvunaji asimalize pembe za shamba, maskini na mgeni waokote, kama Ruthu alivyofanya. Mzee akasikiliza, akauliza: "Naomi amekaa ugenini kama miaka kumi, karudi hana kitu. Sura ya 4 anauza shamba. Miaka yote hiyo nani alikuwa analilima?" Mwalimu akacheka, akakiri kuwa hata wasomi wanabishana hapo. Dakika zile sikuzigusa kwenye uhariri.

Mambo ya ufundi ni madogo. Somo lisomwe lote kwanza, watu wengi husikiliza wakiwa wanaendesha au wanapika, hawana Biblia mkononi. Hifadhi sauti kwa mono (mkondo mmoja wa sauti), kilobiti 64 kwa sekunde. Nusu saa inakuwa kama MB 14, bando la mtu halilii. Kiangazi funga madirisha, upepo wa huku unaujua.

Ila kabla ya kurekodi ongea na mgeni kuhusu mipaka yake. Wengi wana askofu au mwajiri juu yao. Akikupigia kesho yake kwamba ukate kipande fulani, kata, hata kama ndicho kitamu kuliko vyote. Mimi nimewahi kukata, na mgeni yule ndiye aliyeniletea wengine wawili.