Yule kiumbe wa Point Pleasant alikuwa ndege?

SWALI: Dokta, shikamoo. Nimesoma habari za kiumbe mkubwa mwenye mabawa aliyeonekana mji wa Point Pleasant huko West Virginia, Marekani, mwaka 1966. Wanasema ana urefu wa mtu na macho mekundu yanawaka. Kuna ndege wa hivyo kweli? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu. Wale vijana wanne waliosema walimwona usiku wa tarehe 15 Novemba mwaka huo, mimi naamini waliona kitu, walikuwa kwenye gari karibu na kiwanda cha zamani cha baruti wakaondoka mbio mpaka polisi, mtu hafanyi hivyo kwa mchezo. Ila kuona ni kitu kimoja na kupima ukubwa usiku ni kitu kingine kabisa. Bundi mwenye mabawa ya mita 1 akiwa mita 10 kutoka kwako, jicho linampokea sawasawa na dude la mita 3 lililoko mita 30, na gizani huna mti wala nguzo ya kukwambia yuko wapi, kwa hiyo ukikosea umbali ushakosea na ukubwa.

Profesa Robert Smith wa chuo kikuu cha kule alisema ni korongo. Korongo kweli anafika kama mita 1.2 kwenda juu, ila mimi hapo sikubaliani naye, maana wekundu wa korongo ni ngozi ya usoni na ngozi haiwaki ukiimulika, halafu ana shingo ndefu wakati mashahidi walisema macho yamekaa kama mabegani, shingo hamna. Hiyo ni sura ya bundi kabisa! Macho yake yakipigwa na taa ya gari yanarudisha mwanga, na bundi wa misitu ya kule yanarudi mekundu.

Kinachobaki ni spidi, walisema aliwafuata wakiwa kwenye kama kilomita 160 kwa saa. Bundi hawezi, korongo hawezi, hapo naona hofu na pengine ndege zaidi ya mmoja njiani.

Na lile daraja la hapo hapo Point Pleasant lililoanguka Desemba 1967 likaua watu 46, wapo wanaosema kiumbe ndiye aliyeleta ajali, tafadhali usimhusishe. Uchunguzi ulikuta ufa kwenye chuma kimoja cha kushikilia daraja. Naumia kusikia hivyo kwa sababu hata huku kwetu bundi akitua juu ya bati watu wanasema kaleta msiba wanamuua kwa mawe, wakati alifuata panya tu.