Miaka 23, bila gari wala mfadhili: je, nimechelewa kuwa dereva wa rali?

Ndugu yangu, umeuliza kama umri wako na mfuko mtupu vimekufungia mlango, na kama uache kazi ya gereji uwinde wafadhili. Gereji usiiache kwanza.

Mtazame dereva wa rali Sébastien Ogier. Alizaliwa Gap, Ufaransa, mwaka 1983, akawa fundi magari na mwalimu wa kuteleza kwenye theluji. Mlango wake ulifunguka 2005, alipokuwa na miaka 21, kwa kushinda mchujo wa vijana wa shirikisho la mbio za magari la Ufaransa. Kushinda ndiko kulikompa gari. Mwaka 2008 akawa bingwa wa dunia wa vijana, na 2013 akatwaa taji la kwanza kati ya mataji yake tisa ya dunia ya rali. Dereva mwenzake Sébastien Loeb, mwenye tisa pia, alikuwa fundi umeme.

Sasa, huku kwetu mchujo wa namna hiyo ni nadra, tusidanganyane. Kwa hiyo ingilia pembeni: jitolee kwenye timu ya mafundi, au ujifunze uelekezi. Mwelekezi hahitaji gari lake. Anaandika maelezo ya kona na kuyasoma kwa sauti gari likiwa mbioni. Ogier alikimbia na mwelekezi wake Julien Ingrassia miaka mingi, na wote wawili walishinda Safari Rally Naivasha 2021.

Na mkopo wa kununua gari la mbio? Hapana. Gari likipinduka, deni linabaki pale pale.