Ganzi Mdomoni Baada ya Upasuaji wa Goita: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Kalsiamu

Tangu nilipoandika hapa kuhusu upasuaji wa thairoidi, ile tezi ya shingoni ambayo ikivimba tunaiita goita, barua nyingi zilizonifikia zinauliza jambo moja: kalsiamu kushuka. Nimekuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji kwa miaka mingi, na nimewaona wagonjwa wakivumilia kimya usiku kucha hali ambayo ingetulia mapema kama wangesema. Wengi huona haya kumwamsha mtu kwa sababu ya "ganzi tu". Tafadhali, msione haya. Ganzi hiyo inasema kitu.

Shikamoo dada. Nilitolewa tezi yote siku tatu zilizopita. Siku ya kwanza nilikuwa mzima kabisa, jana nikaruhusiwa kurudi nyumbani. Tangu usiku midomo inanichonyota na ncha za vidole zina ganzi, kama sisimizi wanatembea. Mume wangu anasema ni dawa ya usingizi inaisha. Ni kweli?

Marahaba, mdogo wangu. Dawa ya usingizi ilishakutoka mwilini. Hali unayoieleza ndiyo dalili ya mwanzo ya kalsiamu kushuka, na siku zenyewe zinaafiki.

Nyuma ya thairoidi kuna tezi nyingine ndogo sana, kwa kawaida nne, kila moja kama punje ya mchele. Zinaitwa parathairoidi. Zimepata jina hilo kwa ujirani tu, maana kazi yake ni tofauti kabisa: hutoa homoni inayolinda kiwango cha kalsiamu katika damu. Hata daktari aziache zote nne mahali pake, zinaweza kuzimia kwa muda, kwa sababu mishipa ya damu inayozilisha ni myembamba mno na inapita palepale anapofanyia kazi. Homoni yake haikai katika damu zaidi ya dakika chache, lakini kalsiamu yenyewe huteremka polepole na kufika chini kabisa kati ya siku ya pili na ya nne. Ndiyo maana siku ya kwanza ulijiona mzima. Na ndiyo maana mtu anayeruhusiwa mapema hupatwa na haya akiwa nyumbani, mbali na muuguzi.

Kalsiamu ndiyo inayozituliza neva. Ikipungua, neva huanza kujishtukia zenyewe bila kuamrishwa, na zinazosikika kwanza ni za kuzunguka mdomo, za vidole vya mikono na za miguu. Ikizidi kupungua, misuli inaanza kukaza.

Sasa fungua karatasi uliyopewa ulipotoka wodini. Mara nyingi imeandikwa umeze dozi ya ziada ya kalsiamu ukihisi ganzi, na ni kiasi gani. Meza hicho kilichoandikwa. Ikiwa ndani ya saa moja ganzi haijapungua, au imepungua kisha ikarudi, nenda ukapimwe damu leo hii. Kama karatasi haisemi lolote, usibuni dozi. Wapigie simu waliokupasua, sasa hivi. Kwa watu wazima kiwango cha kawaida ni takriban milimoli 2.1 hadi 2.6 kwa lita, au miligramu 8.5 hadi 10.5 kwa desilita, ingawa kila maabara ina mipaka yake. Omba wapime na magnesiamu pia. Ikiwa magnesiamu iko chini, parathairoidi hushindwa kutoa homoni yake, na utameza kalsiamu wiki nzima bila kuona nafuu.

Neno moja zaidi kuhusu hofu. Mtu akishikwa na ganzi huogopa, akiogopa huhema haraka haraka, na kuhema huko hubadilisha asidi ya damu kiasi kwamba sehemu ya kalsiamu iliyo huru hunaswa na protini. Ganzi inaongezeka, na hofu nayo inaongezeka. Kaa kitako, pumua taratibu, toa pumzi kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta. Hii ni ya kukusaidia wakati unasubiri dawa ifanye kazi. Haichukui nafasi ya dawa.

Ninamuuguza mama yangu baada ya upasuaji kama huo. Nitajuaje kwamba sasa si jambo la kusubiri?

Usisubiri hata dakika kumi ukiona vidole vya mkono vimejikunja na kukakamaa, kidole gumba kimeingia kiganjani, na hawezi kuvinyoosha. Vivyo hivyo akitoa sauti ya kukwaruza anapovuta pumzi, koo likibana, moyo ukienda mbio au kurukaruka, akizirai, akichanganyikiwa, au akipata mtukutiko wa mwili kama wa kifafa. Mpeleke hospitali yenye huduma ya dharura. Mtakapofika, maneno ya kwanza yawe haya: "Ametolewa thairoidi, tunahofia kalsiamu imeshuka." Sentensi hiyo itawaokolea muda mwingi. Atapewa kalsiamu kwa mshipa, polepole, huku moyo ukifuatiliwa kwa mashine. Usimpe kidonge mtu anayetukutika au asiyeweza kumeza.

Kuna hatari nyingine isiyohusiana na kalsiamu, na sitaki uikose kwa kuwa macho yako yako kwenye vidole. Shingo ikivimba ghafla na kukaza, hasa katika saa 24 za kwanza, huenda damu inavuja ndani. Hiyo ni dharura ya kukimbia, hata kama hana ganzi popote.

Sipendi vidonge. Je, nikinywa maziwa mengi haitoshi?

Haitoshi. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina takriban miligramu 300 za kalsiamu. Mtu ambaye parathairoidi zake zimelala mara nyingi huandikiwa kati ya miligramu 1,500 na 3,000 kwa siku. Piga hesabu uone ni vikombe vingapi. Tena maziwa yana fosforasi nyingi, na bila homoni ya parathairoidi figo hushindwa kuitoa vizuri. Kunywa maziwa kama chakula, vidonge vibaki kuwa dawa.

Hapa kuna mtego unaowanasa hata wasomi. Pakiti inaweza kuandikwa "kalsiamu kaboneti miligramu 1,250". Hiyo si kalsiamu tupu. Kaboneti ina kalsiamu asilimia 40, kwa hiyo kidonge hicho kinakupa miligramu 500. Kalsiamu sitreti ina asilimia 21 tu. Nimewahi kumpokea mgonjwa aliyebadilishiwa aina moja kwa nyingine akaendelea na idadi ileile ya vidonge, na siku chache baadaye vidole vilikuwa vimekakamaa. Ukibadilishiwa pakiti, muulize mfamasia: kila kidonge kina kalsiamu yenyewe kiasi gani?

Kaboneti inahitaji asidi ya tumbo, hivyo imeze pamoja na chakula. Sitreti haijali kama tumbo lina kitu au halina, na ndiyo inayowafaa zaidi wanaotumia dawa za kupunguza asidi kama omeprazoli. Utumbo hauwezi kunyonya nyingi kwa mpigo; karibu miligramu 500 kwa wakati mmoja ndicho kiasi unachokimudu vizuri. Ndiyo maana dozi hugawanywa mara tatu au nne kwa siku. Ukisahau ya mchana usirundike zote usiku.

Nimepewa levothairoksini, yaani homoni ya thairoidi ya vidonge, pamoja na kalsiamu na vidonge vya kuongeza damu. Nameza vyote asubuhi nisije nikasahau. Ni sawa?

Nakuelewa, lakini hapana. Kalsiamu huikamata levothairoksini tumboni isinyonywe, na madini ya chuma yaliyo katika vidonge vya kuongeza damu hufanya vivyo hivyo. Matokeo yake ni kwamba unameza dawa kila siku, uchovu hauishi, daktari anapandisha dozi, na hakuna anayejua kwamba kosa ni la saa.

Levothairoksini imezwe peke yake kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kifungua kinywa. Kisha acha muda wa saa nne nzima upite kabla ya kalsiamu ya kwanza au chuma. Chuma nacho ukitenganishe na kalsiamu kwa saa kadhaa. Kama asubuhi yako ina purukushani nyingi, muulize daktari kuhusu kumeza levothairoksini usiku wa kulala, angalau saa tatu baada ya chakula, na kalsiamu ya mwisho ikiwa imemezwa mapema jioni. Tega kengele kwenye simu. Na ukiandikiwa antibiotiki, taja kalsiamu kabla ya kuipokea, kwa sababu baadhi yake nazo hunaswa hivyo hivyo.

Nilitolewa upande mmoja tu wa tezi. Je, nami niogope?

Kwa kawaida hapana. Parathairoidi mbili za upande wa pili hazijaguswa, nazo zinatosha. Lakini kama uliwahi kupasuliwa shingo zamani, mkumbushe daktari wako.

Daktari aliniongezea kidonge cha vitamini D aliyosema ni ya "aina iliyo tayari". Dada yangu ana vitamini D ya kawaida nyumbani. Si ni kitu kimoja?

Si kitu kimoja. Vitamini D ya kawaida lazima ipite kwenye ini, kisha kwenye figo, ndipo iweze kuvuta kalsiamu kutoka utumboni. Hatua ya figo inaendeshwa na homoni ya parathairoidi, ileile uliyopungukiwa nayo sasa. Hizo za "aina iliyo tayari" ni kama kalsitrioli na alfakalsidoli: kalsitrioli imekwisha kukamilishwa, haihitaji kazi hiyo ya figo; alfakalsidoli inahitaji hatua ya ini tu. Ukimeza ya dada yako badala ya hiyo, utakuwa umeifunga njia uliyofunguliwa.

Nguvu ya dawa hii ina upande wa pili. Inaweza kupandisha kalsiamu kupita kiasi, hasa siku parathairoidi zinapoamka nawe ukaendelea na dozi kubwa. Kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, kichefuchefu, choo kigumu kuliko kawaida, uchovu mzito, akili kuwa nzito: ukiona haya, nenda ukapime damu. Choo kigumu peke yake huletwa na kaboneti yenyewe, basi usitishike nacho, ila kitaje. Usiache vidonge ghafla kwa uamuzi wako mwenyewe. Kupunguza ni kwa hatua, na kila hatua ina kipimo chake.

Ni mwezi wa tano sasa na bado nameza. Nani alaumiwe? Daktari wangu alizikata hizo tezi?

Swali hili lina uchungu, na unastahili kujibiwa bila kuzungushwa. Omba ripoti ya upasuaji na ripoti ya maabara ya nyama iliyotolewa. Zitasema ni parathairoidi ngapi zilionekana, kama kuna iliyotoka pamoja na thairoidi, na kama ipo iliyokatwa vipande na kupandikizwa kwenye msuli. Hiyo iliyopandikizwa huchukua wiki hadi miezi kushika kazi. Una haki ya kuuliza, na daktari mwema hatakasirika.

Ujue pia kwamba tezi hizi zimewasumbua madaktari tangu zamani. Rangi yake inakaribiana na mafuta ya shingoni, na hazikai mahali pamoja kwa kila mtu. Mwanafunzi wa udaktari wa Uppsala, Ivar Sandström, ndiye aliyezieleza kwa binadamu mwaka 1880, wakati tayari wagonjwa waliotolewa goita walikuwa wakikakamaa na wengine kufa bila mtu kujua sababu. Mwaka 1909 ndipo watafiti MacCallum na Voegtlin, huko Marekani, walipoonyesha kwamba kalsiamu huituliza hali hiyo. Kila ninapomwona mgonjwa akifungua ngumi yake iliyokuwa imekakamaa, dripu ikiwa inaingia, nawakumbuka wale waliokufa kabla ya hapo.

Mwezi wa tano si mwisho wa matumaini. Wengi hupona ndani ya wiki au miezi michache, na madaktari wengi hawatamki neno "kudumu" kabla ya miezi sita, wengine hungoja mwaka mzima. Omba upimwe homoni ya parathairoidi. Ikionekana ipo, hata kidogo, kuna sababu ya kuendelea kusubiri.

Na hata ikidumu, maisha yapo. Lengo la dawa halitakuwa kufikisha kalsiamu juu. Daktari atataka ikae sehemu ya chini ya kiwango cha kawaida au chini yake kidogo, bila dalili, kwa sababu bila homoni hiyo figo humwaga kalsiamu kwenye mkojo na mawe hujijenga humo. Kwa hiyo utapimwa damu mara kwa mara, na pengine utaagizwa kukusanya mkojo wa saa 24. Ukipata ujauzito au ukianza kunyonyesha, waambie mapema, dozi itahitaji kuangaliwa upya. Ukitapika au kuhara hata siku moja tu, vidonge havikai mwilini. Usingoje ganzi, nenda ukapimwe. Weka pakiti moja ya kalsiamu kwenye mkoba, na kikaratasi ndani ya pochi chenye jina la hali yako, dawa zako na dozi zake, ili ukikutwa huwezi kusema, anayekuhudumia ajue aanzie wapi.