Kaka kateleza, hajarudi mwanzo

Dada wa Isevya, pole. Umesema kaka yako aliacha gongo miezi mitatu, akaonja wanzuki harusini, na sasa wiki nzima haonekani nyumbani hadi usiku wa manane.

Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani (alifariki 2011), aliyachunguza sana haya. Mwaka 1973 yeye na wenzake walionyesha kuwa walevi walioamini wanakunywa vodka walikunywa zaidi, hata glasi ilipokuwa na toniki tupu, soda isiyo na kilevi! Baadaye akaeleza hasa yanayomkuta kaka yako: mtu akiteleza mara moja hujiambia "nimeshaharibu", na aibu hiyo ndiyo inayommalizisha chupa.

Kwa hiyo msimsimange. Mimi nilimsimanga mdogo wangu mbele ya watoto. Alitoka na kandambili zangu, akarudi alfajiri peku. Kaa naye asubuhi, kichwa kikiwa kimetulia, umuulize: ilikuwa saa ngapi, alikuwa na nani, alikuwa amekula? Kama njia ya kazini inapita kilabuni, atafute nyingine.

Ila akiacha ghafla, mikono ikatetemeka au akaona vitu visivyokuwepo, mkimbizeni hospitali ya Kitete siku hiyohiyo.