Zamu sawa, maji si sawa

SWALI: Mfongo wetu (mfereji wa kumwagilia) hapa Hai unachukua maji mto Weruweru. Kila shamba lina zamu ya saa 3, lakini sisi wa chini tunaambulia kulowesha mistari michache tu. Tunawaambia wa juu wanaiba, wao wanakana, na juzi vijana nusura wapigane kwa majembe. Tuanzie wapi? – Msomaji, Hai

JIBU: Anzeni kwa kupima, kabla hamjamwita mtu mwizi. Wapime wawili wa juu na wawili wa chini kwa pamoja, la sivyo hesabu itakataliwa kikaoni.

Karibu na banio, yaani pale maji ya mto yanapoingia mferejini, tafuteni kipande cha mfereji kilichonyooka, mita 10. Tupieni kipande cha ganda kavu la mgomba na mhesabu sekunde. Rudieni mara tatu, mchukue wastani. Tuseme ni sekunde 25: mwendo ni mita 0.4 kwa sekunde. Kama maji yana upana wa mita 0.5 na kina cha mita 0.2, zidisheni vyote vitatu, kisha zidisheni kwa 0.8, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko yale yanayogusa udongo. Jibu ni mita za ujazo 0.032, yaani lita 32 kwa sekunde. Fanyeni hivyo hivyo kwenye shamba la mwisho, malango yote ya njiani yakiwa yamefungwa.

Mkikuta lita 20, basi lita 12 zimepotea bila mwizi. Tembeeni mfereji mzima: mtaona matundu ya fuko, kingo zilizokanyagwa na ng'ombe, na hasa malango ya kuzibwa kwa udongo na magome ya migomba, ambayo huvuja usiku kucha. Wekeni ubao kwenye fremu ya zege, wenye kufuli, na ufunguo ukae kwa kamati.

Wakati mnaziba, gawaneni maji badala ya saa. Saa 3 za juu kwa lita 32 ni sawa na saa 4 na dakika 48 za chini kwa lita 20. Saa zihesabiwe maji yanapoingia shambani. Mashamba jirani yafuatane, maana mfereji mkavu hunywa kwanza, na anayefunguliwa wa kwanza ndiye hupunjika. Tena, mzunguko wa siku 7 kamili humfunga mtu yule yule kwenye zamu ya usiku kila wiki. Usogezeni kwa saa 12.

Mkishapima na bado kuna anayefungua usiku, pelekeni daftari la vipimo kwenye Jumuiya ya Watumia Maji, kisha Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ofisi zake ziko Moshi. Kwanza hakikisheni mfongo wenyewe una kibali cha kutumia maji: bila hicho mtafika pale mkiwa walalamikaji na walalamikiwa.