Kusubiri ndege Frankfurt masaa saba, utafanya nini?

Ndugu, umesema unatoka Nairobi na Lufthansa unaunganisha kwenda Toronto na una masaa saba pale kati, sasa swali la kwanza ni viza. Kwa pasi ya Kenya bila viza ya Schengen (ile ya nchi za Ulaya zilizoungana mipaka, Ujerumani ikiwemo) mjini hutoki, utabaki upande wa transiti, basi. Ukiwa nayo, shuka chini ya Terminal 1 kuna stesheni, panda treni ya S8 au S9 na robo saa hivi uko katikati ya mji.

Ukibaki ndani usiogope, wifi ni bure, ila usipoteze muda dyutifrii kabla hujajua geti lako maana ule uwanja ni mkubwa balaa, Terminal 1 peke yake ina sehemu A, B, C na Z, na kutoka B kwenda A unaweza kutembea mpaka viatu vilalamike. Ukitumwa terminal nyingine kuna katreni hakana dereva, ni bure.

Kwa vile umeuliza na historia: uwanja ulifunguliwa 1936, na zile zepelini (maputo makubwa ya gesi ya kubeba abiria) zilikuwa zinarukia hapo, hata Hindenburg iliyoungua Marekani 1937 ilitoka Frankfurt. Baada ya vita Wamarekani wakaweka kambi ya jeshi la anga hapo, 1948 mpaka 1949 ndege zikawa zinapeleka chakula na makaa Berlin iliyozingirwa na Wasovieti, na kambi yenyewe waliirudisha 2005 tu. Terminal 1 ni ya 1972, ndo maana korido zingine zina sura ya kizamani.